Kliniki ya matiti, nimeenda kama mgonjwa na mi ni mwanaume: nyota tatu na nusu

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka asisome gazeti lote hili. Madaktari na manesi 5 kati ya 5. Mapokezi 2. Fomu zao 1, na hiyo moja ni kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa safi. Choo nakuja kukisema mwishoni maana nikianza nacho sitamaliza. Ukijumlisha ukagawanya kifundifundi, madaktari ukiwapa uzito zaidi, unapata kama tatu na nusu hivi, ndo niliyoiweka. Jina la hospitali siweki, ni moja ya zile kubwa za rufaa hapa Dar, mle ndani kuna walioniokoa na kuna walionikera na sioni haki hawa wabebe lawama za wale.

Na kabla hujauliza mzee mzima ulifuata nini kliniki ya matiti, nilifuata titi. Langu.

Mi ni seremala, niko Keko mwaka wa 34 huu, umri 61. Ukishinda unapiga randa mninga siku nzima kifua kinaegemea meza, kinagongwa na ncha za mbao, kinachubuka, nani anahesabu. Kwa hiyo siku naoga nikagusa kitu kigumu nyuma ya chuchu ya kushoto, kama punje ya harage, nikajiambia huu ni mti tu umenigonga. Hakikuuma hata kidogo. Na kutouma kwake ndo kulikoniponza, sisi tumekua tukijua kinachouma ndo ugonjwa, kisichouma ni mwili unahangaika na mambo yake. Nikakaa nacho. Nimekaa nacho miezi 7 bana, harage likawa korosho, korosho ikawa kubwa kuliko korosho, chuchu ikaanza kuvutwa ndani kama kitovu, mi bado naenda kazini. Mpaka siku mama watoto anafua akakuta tone la damu kwenye singlendi, dogo tu, akaniuliza hii ya nini. Nikamwambia mbu. Akaniangalia. Hakusema kitu, akaendelea kufua, ila jioni binti yetu anayesoma mambo ya maabara chuoni akapiga simu akaanza na "shikamoo baba, hebu niambie ukweli," nikajua nimeshasemewa.

Sikuanzia kliniki. Nilianzia duka la dawa kama kawaida yetu, kijana akanipa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu ambayo sina. Halafu zahanati moja ya mtaani. Pale daktari hakunigusa. Narudia, hakunigusa, nimefungua shati nimekaa mbele yake kama nauza kifua, yeye macho kwenye kompyuta, akasema mzee hayo mafuta, wanaume wakikaribia uzee wanajaa matiti, punguza chipsi. Chipsi mi sili. Akaniandikia antibayotiki za siku 7 nikazimaliza zote kwa adabu. Maksi zake sifuri na sitaki majadiliano.

Ila kwa haki, hakuwa anaongea uongo mtupu, na hili nilikuja kufafanuliwa vizuri kliniki. Kuna hali kweli ya mwanaume kujaa matiti. Inakuja na umri, na unene, na ini likiumwa, na dawa nyingine pia, hata baadhi ya ARV kama efavirenzi zinatajwa. Hiyo inakuwa laini au kama mpira, mara nyingi ukiibonyeza inauma, iko katikati kabisa chini ya chuchu na mara nyingi pande zote mbili. Kansa kwa kawaida ni upande mmoja, ngumu, haina maumivu, imekaa pembeni kidogo au imeng'ang'ana na chuchu, chuchu inaingia ndani, ngozi inaweza ikafanya kidonda, na chuchu ya mwanaume ikitoa damu hiyo sio ya kusubiri mwisho wa mwezi. Kwa vidole peke yake hata daktari mzuri anaweza kukosea ndo maana kuna sindano, lakini jamani vidole si vianze basi. Dakika moja tu.

Haya, kliniki yenyewe. Iko Jumatano. Nimefika saa 1 asubuhi na shati langu la kanisani, dirishani dada wa mapokezi kanisalimia vizuri tu, "shikamoo baba, umemleta nani?"

"Marahaba. Nimejileta."

Akacheka, akadhani natania. Nikamuonyesha barua ya rufaa, akaisoma, akaigeuza nyuma kama kuna jina la mwanamke limejificha huko, akamwita mwenzake, wakaisoma wawili. Sio kwamba walikuwa na dharau, hapana, hawakujua wanifanyeje. Wakanipa fomu. Fomu inauliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Inauliza mimba ngapi, umenyonyesha miezi mingapi, mtoto wa kwanza ulimzaa ukiwa na miaka mingapi, unatumia uzazi wa mpango wa aina gani. Mi nimejaza yote, sipendi kuacha nafasi wazi, hedhi nikaandika "bado", watoto nikaandika 4 na nikasaini. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba yale maswali kwa mwanamke yana maana yake kubwa, ni homoni zile wanazipiga hesabu. Lakini mwanaume naye ana ya kuulizwa, kama ana shida ya ini, kama ameshawahi kupigwa mionzi ya kifua, kama kuna ndugu, na hayo fomu haina hata moja. Maksi 1.

Kwenye benchi tulikuwa kama 40, na suruali ilikuwa ni yangu peke yangu. Kila anayekaa karibu ananiuliza mama yuko chumba gani, umemsindikiza, Mungu akubariki, waume wengine wanakimbia. Nikawa naitikia tu asante, asante. Yaani nilikaa saa zima napokea sifa za mume bora na titi langu limejificha ndani ya shati. Halafu nesi akatoka na mafaili akaita kwa sauti ile ya sokoni, "kinamama mliokuja kipimo cha titi nifuateni," akaita majina, akafika kwangu, akasita, akaita. Nikasimama. Benchi zima kimya. Nakwambia nimeshawahi kukatwa kidole na msumeno lakini ile safari ya kutoka kwenye benchi mpaka mlangoni ilikuwa ndefu kuliko kile kidole.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja, mama mtu mzima, kajifunga kanga mbili, kama miaka 70 na kitu, alikuwa kwenye kemo ya pili, zile dawa kali za kansa, kichwa hakina nywele. Akanishika mkono nikipita akasema, "nenda mdogo wangu, titi ni titi tu, na wewe umepewa." Watu wakacheka, na mi nikacheka, ikaisha. Huyo bibi ningeweza ningempa nyota zote sita.

Daktari sasa. Binti mdogo, umri wa wanangu, kaniamkia kwanza, halafu akasema naomba nikushike baba. Kashika yote mawili, kapita kwapa zote mbili, juu ya mifupa ya bega, shingoni. Anaelezea kila anachofanya kama fundi mzuri anavyomwelezea mteja kwa nini mlango unagoma. Akachukua karatasi akachora. Kumbe mwanaume ana titi kamili tu limebaki dogo, ana mirija ile ya maziwa ila vile vijifuko vya kutengenezea maziwa karibu hana, ndo maana kansa ya kwetu karibu zote ni ya mirija, kama 9 katika kila 10. Akaniambia hii ni adimu, katika wagonjwa 100 wa kansa ya matiti mwanaume ni kama 1, ingawa Afrika kuna sehemu imewahi kuripotiwa zaidi ya hapo, Uganda na Zambia zimo kwenye vitabu, na wengi wanaihusisha na magonjwa ya ini yaliyojaa huku kwetu, maana ini ndo linalosafisha homoni, likichoka estrojeni inabaki nyingi. Nikamuuliza estrojeni si ya wanawake? Akasema baba hata wewe unayo, na ukinenepa mafuta yenyewe yanatengeneza nyingine. Nimetoka pale najua zaidi ya nilivyojua kwa miaka 61.

Na hakunikimbiza. Nje kuna watu 40 lakini alinikalisha mpaka nikamaliza maswali, na swali langu la mwisho lilikuwa la kijinga, nilimuuliza hii inamaanisha mi sio mwanaume kamili? Hakucheka. Akasema ni kama kansa ya kibofu tu, imetokea kwenye nyama uliyonayo.

Mamogramu, ile picha ya titi wanayoipiga kwa kulibana kwenye mashine, nilidhani haiwezekani, unabana nini? Inawezekana. Dada wa pale alisema tunacho kidogo lakini kinatosha, akavuta akabana, nikaona nyota, sio za kwenye rivyu hii. Tatizo halikuwa mashine, tatizo lilikuwa bima. Niko kwenye bima ya kazini kwa mwanangu, siitaji, wale waliirudisha karatasi mara mbili kwamba kipimo hakiendani na jinsia ya mwanachama. Kompyuta yao ukiandika ME na mamogramu inakataa tu. Siku 9 tumebishana na kompyuta, mpaka daktari akaandika barua kwa mkono akapiga muhuri ndo ikapita. Nimewaza mara nyingi, mimi nina mtoto wa kunipigania simu kila asubuhi, yule mwenzangu wa kijijini ambaye hana angefanyaje, si angerudi tu nyumbani.

Altrasaundi siku hiyo hiyo, halafu bayopsi. Wanakuchoma ganzi halafu wana kitu kama ile bastola ya pini tunayopigia vitambaa vya makochi, inalia tak, tak, tak, mara nne tano, wanatoa vijinyama kama nyuzi. Haiumi ila mlio unashtua. Ripoti ya kwanza imechukua wiki 2, na ya pili ya kuangalia vipokezi, zile sehemu za seli ya kansa zinazoshika homoni, ikachukua wiki nyingine 2 juu yake, na hapo maabara nawatoa nyota moja kwa sababu hakuna aliyetwambia kwamba zinakuja mbili, tulienda mara ya kwanza tukidhani tumemaliza. Nauli sio kitu, kulala ndo shida, mama watoto alikuwa anaamka saa 8 usiku anakaa tu kitandani.

Jibu likawa kansa ya mirija, sentimeta 2 na nusu, tezi 2 za kwapani zimeguswa, vipokezi vya estrojeni vipo, HER2, ile protini inayoikuza kansa haraka, hakuna. Daktari akasema ukiwa mwanaume hiyo ndo picha ya kawaida kabisa. Kuna kazi kubwa ya kimataifa walikusanya wanaume 1,483 wenye ugonjwa huu, 99 katika kila 100 walikuwa na vipokezi vya estrojeni, HER2 ilikuwa kwa 9 hivi katika 100, na ile aina kali isiyo na kipokezi chochote haikufika hata 1. Kwa hiyo ni kansa inayolishwa na homoni, na ukiijua inakula nini unaweza ukaifungia stoo. Hiyo ya stoo ni maneno yangu, sio ya daktari.

Upasuaji wametoa lote na tezi za kwapa. Niliuliza kama wanaweza kutoa uvimbe wakaacha chuchu, nikaambiwa kwa wanaume huwa inawezekana kwa wachache, ila titi lenyewe dogo na uvimbe umekaa nyuma ya chuchu, unaacha nini. Sawa. Daktari wa upasuaji maksi 5, mshono umelala kama mbao iliyopigwa msasa namba 400, naujua msasa na sitanii. Nililazwa wodi ya wanaume, upande mmoja jamaa wa ngiri, upande mwingine mzee wa tezi dume, na hao wawili wanatangaza magonjwa yao bila haya kwa kila anayekuja kuwaona. Wakaniuliza wewe je? Nikasema kifua. Wakasema pole, TB mbaya. Nikaacha hivyo hivyo. Mzee mwenye mrija kwenye kibofu anajieleza, mimi wa titi nimejifanya nina TB, hebu fikiria.

Nesi wa wodi alinifundisha mazoezi ya mkono, unatembeza vidole ukutani kama buibui kila siku unapanda kidogo, maana tezi zikitolewa mkono unaweza kuvimba na kukakamaa. Kushoto ndo mkono wangu wa kushikia mbao kwa hiyo niliyafanya kama swala. Nimerudi kwenye randa mwezi wa tano, mizigo mizito nawaachia vijana. Ila nilipotoka tu kupasuliwa nilikuwa na kichupa cha kuvuta maji kinaning'inia kiunoni siku 10, kumbuka hicho kichupa, kinahusika na choo.

Kemo nilipata mizunguko 6. Sina cha kuongeza ambacho hamjasikia, kutapika, nywele, ladha ya chuma mdomoni, wali unanuka. Benchi ndo lilinibeba. Baada ya mzunguko wa pili hakuna aliyeniuliza mama yuko wapi, nikawa "baba seremala", wakaniingiza kwenye grupu lao la WhatsApp, wanapeana mbinu za ukwaju wa kichefuchefu na wapi wanauza sidiria zenye mfuko, kila wakifika kwenye sidiria mmoja anaandika "baba funga macho". Nimewatengenezea vigoda viwili vya miguu vya kuwekea wakiwa kwenye dripu, viko pale mpaka leo.

Mionzi ilifanyika Ocean Road, ile hospitali ya kansa, pale Barack Obama Drive karibu na Ikulu, siku 15 Jumatatu mpaka Ijumaa. Lile jengo la zamani ni la Wajerumani la miaka ya 1890, Robert Koch yule wa kifua kikuu aliwahi kufanya kazi pale, mi kilichonivutia zaidi ni milango yake, milango ya zamani ile huioni tena. Ukitoka nje upepo wa bahari. Ngozi iliungua kidogo ikawa nyeusi kama mkaa halafu ikarudi.

Sasa niko kwenye tamoksifeni, dawa ya kuizuia estrojeni isiilishe kansa, kidonge kimoja kila siku kwa miaka angalau 5. Hiki ndo kipande ambacho wanaume wengi wanakimbia, na nakiandika hapa kwa sababu sikukikuta nimeandikiwa popote kwa lugha ninayoielewa. Kidonge ni kile kile wanachopewa wanawake na kwetu ndo cha kwanza kabisa, vile vingine vya kuzuia estrojeni isitengenezwe kwa mwanaume havifanyi kazi vizuri vikiwa peke yake. Unapata joto la ghafla, unalowa jasho usiku mpaka unabadilisha shuka, unanenepa, hasira za karibu, mguu ukivimba mmoja au kifua kikibana kimbia hospitali maana kinaweza kugandisha damu. Na mambo ya chumbani yanapoa. Nimesema. Wengi wanakiacha kwa sababu hiyo na hawamwambii daktari, wanasema tu kimeisha dukani. Mi nilimwambia, kwa aibu, nikiangalia dari, akanibadilishia muda wa kumeza na akatuita mimi na mama watoto pamoja tukaongea watu wazima. Huduma hiyo haiko kwenye risiti na ndo ninayoipa maksi za juu kuliko zote, kuliko hata upasuaji.

Wakaniuliza na habari za ukoo. Hapo nilinyamaza kidogo. Dada yangu mkubwa alifariki Tanga 2009 kwa titi, na shangazi kabla yake, na hakuna mtu kwetu aliyewahi kuunganisha hayo na sisi wanaume, ilikuwa ni "ugonjwa wa kina mama wa kwetu". Kumbe kuna jeni inaitwa BRCA2, ikiwa na hitilafu mwanaume anaibeba kama mwanamke, anaweza akaumwa titi, anaweza akaumwa na tezi dume, na kila mtoto wake wa kike au wa kiume ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Nina mabinti 3 na kijana mmoja. Tezi dume wameshanipima, iko sawa. Kipimo cha jeni tumeshachangishana kama familia na sampuli imeenda, na kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze usingizi ulinikataa mimi badala ya mama watoto.

Binti ndo aliyenitafutia takwimu, nilimwomba mwenyewe. Utafiti wa Marekani wa 2019, kumbukumbu za wagonjwa wa kuanzia 2004 mpaka 2014, wanaume zaidi ya 16,000, wanawake zaidi ya milioni 1.8. Baada ya miaka 5 wanawake waliokuwa hai ni 86.4 katika 100, wanaume 77.6. Sehemu kubwa ya hilo pengo ni hali waliyofika nayo hospitali na kutibiwa nusu nusu, ingawa hata ukiyatoa hayo wanaume wanabaki nyuma kidogo. Miezi yangu 7 na yule wa chipsi wako humo humo kwenye hizo namba. Akanionyesha na picha ya Mathew Knowles, baba yake Beyoncé, yeye aliona vitone vya damu kwenye shati 2019, akaenda kupimwa, wakaikuta iko hatua ya kwanza, na naye ana hiyo hiyo BRCA2, akajitokeza kwenye tivii akasema wazi. Nikamwambia binti yangu, shati lile lile, damu ile ile, mwenzangu hakusema mbu.

Mapokezi nimewapa 2 na sio 1 kwa sababu wamebadilika. Siku hizi hawaiti "kinamama", wanaita "wagonjwa wa titi", na mwezi wa tatu nilikuta kijana mmoja kwenye benchi, kama miaka 40, kofia kaishusha mpaka kwenye macho, kakaa pembeni kabisa. Nikaenda nikakaa karibu nikamuuliza umemleta nani. Akanitazama weee. Nikamwambia usiogope, hata mi nilijileta. Yake ilikuwa ile ya kujaa tu, walimpima wakamrudisha nyumbani na akaniachia karanga alizokuja nazo.

Bei sizungumzii maana bima ilibeba nyingi na ya kwako itakuwa tofauti. Ukienda vaa shati la vifungo, sio fulana, baada ya upasuaji mkono haupandi. Fika kabla ya saa 1. Beba maji.

Sasa choo. Ile korido ya kliniki ina choo kimoja na mlangoni imeandikwa WANAWAKE, cha wanaume kiko jengo lingine, unashuka ngazi, unavuka maegesho ya magari, unapanda tena. Mara nina kichupa kiunoni, mara nina kemo tumboni, na mnajua kemo haikupi muda wa kuvuka maegesho. Mara ya kwanza nilizomewa. Mara ya pili yule bibi wa kanga alinyanyuka akasimama mlangoni kama askari, kila anayekuja anamwambia subiri kuna mdogo wangu, na ikawa ndo utaratibu, mi naingia yeye analinda, maana na kitasa chenyewe hakifungi. Alifariki mwezi wa nane. Grupu lote lilienda kumzika Mbagala.

Nilivyoenda mara ya mwisho nikakuta chini ya neno WANAWAKE mtu ameongezea kwa peni, mwandiko wa haraka: "na baba seremala". Sijui ni nesi au ni mmoja wa kina dada. Kitasa bado kibovu. Jumatano naenda na bisibisi.